Tulivyokwenda Kumwombea Mkolombia Likizo

Kofia zililetwa kwenye boksi kubwa, kofia za ukili, pana kama ungo, na madam alipokuwa akizitoa moja moja na kuzipanga mezani alikuwa amefurahi kweli, masikini. Mkolombia alisimama kando yangu. Akachukua moja, akaigeuzageuza, akairudisha. "Hizi ni za Meksiko," akaninong'oneza kwa kile Kiingereza chetu cha kuvunjavunja. "Kwetu hatuvai." Nikamwambia avae tu, ni wiki moja ya kulisherehekea kundi lao, itapita. Akavaa.

Hebu nieleze kwanza tulikuwa wapi. Ile ilikuwa kampuni ya kahawa, Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah. Mkahawa mbele, na nyuma yake chumba cha kukaangia buni na chumba cha kuonjea. Mie nilikuwa nasimamia wahudumu na kuwafundisha kazi waliokuja wapya. Kwa kuwa nimetoka Kenya watu walidhani nimezaliwa na kikombe mkononi, kumbe kwetu Mombasa kahawa ni ya wanaume wa barazani, mie nimekua na chai ya maziwa. Mkolombia ndiye aliyekuwa mkaangaji mkuu. Mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye ghadhabu za karibu kama zangu, na nadhani ndiyo maana tulipatana. Nilimfundisha kuniita dada, nami nikamwita dada, na hapo tukawa ndugu.

Madam alikuwa mkuu wa mambo ya wafanyakazi. Binti wa Kisaudi, msomi, amekwenda ng'ambo akarudi na hili jambo la ujumuishi, yaani kila mfanyakazi ajione ni wa pale, asiachwe nje. Akaunda kamati. Akatugawa makundi, kila kundi na rafiki yake wa kulisemea. Walatino walikuwa wanne: Mkolombia, Mmeksiko mmoja wa matangazo, na mafundi wawili wa mashine, Wabrazili, ambao kila siku ya Mungu walikuwa wakisema kwamba wao Kihispania si chao. Wote wakatiwa chungu kimoja. Nilicheka, lakini ningesema nini? Na sisi Waafrika tulikuwa kundi moja, Mkenya na Muhabeshi na Msudani, na hakuna aliyetuuliza kama tunakula sahani moja. Mie nikateuliwa kuwa rafiki wa Walatino, kwa sababu nilionekana nacheka na Mkolombia.

Sitaki kumdhulumu madam. Alikuwa mtu mwema. Yeye ndiye aliyefanya maelezo ya usalama ya ile mitambo ya moto yaandikwe kwa Kihispania, na ndiye wa kwanza kuwauliza wale watu majina yao yanatamkwaje. Kabla yake meneja alikuwa akiwaita kwa kupiga makofi. Siku ya kikao cha kusikilizwa alitukalisha duara, akaleta maamuli, vile vibiskuti vyao vya tende, na chai, akasema kila mtu aeleze ni kitu gani kingemfanya ajisikie yuko nyumbani. Mmeksiko akataka pilipili za kwao jikoni. Wabrazili wakataka mpira kwenye televisheni. Ikafika zamu ya Mkolombia.

Akasema mama yake anasahau. Alianza na majina ya majirani, akaja kwa wajukuu, sasa amefika kwa mtoto wa kiume anayeishi naye nyumba moja, anamwita bwana. "Mimi bado ananijua," akasema. "Kwa sauti. Nataka kwenda kabla hajanisahau." Hata Wabrazili wale wakaacha kutafuna. Madam alitokwa na machozi, wallahi nilimwona. Akaandika, akamshukuru kwa kufungua moyo wake. Kilichofuata ndizo zile kofia.

Shida ilikuwa hii. Bosi, mwenye kampuni, alikuwa ametoa amri kwamba Ramadhani inakaribia na tawi jipya linafunguliwa Jeddah, basi yeyote anayegusa kahawa hana likizo mpaka Idi ipite. Viza ya kutoka na kurudi siku hizi unaweza kujiombea mwenyewe kwenye simu, si kama zamani. Lakini ukitoka bila likizo iliyotiwa saini na bosi, umejifukuza kazi. Na mshahara wa Mkolombia ndio uliomlipa mwanamke wa kumwangalia yule mama na ndio uliomnunulia dawa. Akienda, mama hana mwangalizi. Akikaa, mama hana mwana.

Kila alasiri wakati wa mapumziko, kwao ikiwa asubuhi, alipiga simu ya video, nami nikakaa karibu. Mama alikuwa bibi mwembamba, nywele zimechanwa vizuri, blanketi mabegani. Mkolombia akisema neno la kwanza tu, ule uso ukafunguka, akaanza kuzungumza haraka haraka hata akapaliwa. Nilipenda kuangalia. Halafu ikaja siku moja Mkolombia akasalimu na uso usifunguke. Akasalimu tena. Bibi akatazama juu ya simu, kando ya simu, anatafuta hiyo sauti inatoka wapi. Mwishowe akaipata, akacheka, mambo yakaendelea. Lakini mie nilikuwa nimeshaona, na Mkolombia ameona kwamba nimeona.

Nikamwendea madam ofisini. Akaniambia ameshamwandikia bosi mara mbili na bosi hajibu mambo ya likizo, na yeye naye ni mfanyakazi tu kama mie. Mori ukanipanda. Nikamwambia, kwa Kiswahili ili asielewe, "Kofia umeweza kumletea, siku chache za kumwona mamake zimekushinda?" Akatabasamu, akidhani nimemshukuru. Nikatoka nikiwa na aibu na hasira pamoja, na hata sijui nilimkasirikia nani.

Ndipo Mzee akaingia katika hadithi. Mzee tulimwita hivyo kwa heshima, dereva wa kampuni, mtu wa Kakamega, Mkristo mcha Mungu, amekaa Saudia miaka hata Kiarabu anakiota. Kwao yeye ndiye msemaji: mahari, matanga, ugomvi wa mashamba, wanampigia simu huku huku awasemee. Nilipomweleza akanisikiliza mpaka mwisho, akatingisha kichwa. "Hiyo maneno haiandikwi kwa email, dada yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha bara. "Maneno ya mtu inaendewa. Unaenda kwake, unakaa, unamwombea mtu wako."

Niliona ni akili kubwa. Kwetu pia ni hivyo hivyo, bara na pwani. Mtu akiwa na shida na mkubwa, hapeleki barua. Anatafuta watu wazima wenye ulimi, wanakwenda kwa yule mkubwa kumwombea. Na ikasadifu kwamba sote watatu tulikuwa tunapelekwa Jeddah kufungua lile tawi, na bosi ni mzaliwa wa Jeddah, ana nyumba ya babu yake Balad, ile Jeddah ya zamani, na jioni hupokea wageni humo. Madam alibaki Riyadh.

Tulijitayarisha kama watu wa posa. Mkono mtupu haulambwi, basi mie nikatoa majani ya chai ya Kenya niliyokuwa nimejiwekea na leso mpya, ile kanga ya kwetu, ambayo haijakatwa, Mzee akanunua sukari. Kisha Mzee akamweka kitako Mkolombia, akampa masharti. "Wewe mwenye shida husemi kitu. Unakaa, unainamisha kichwa kidogo, unaachia sisi."

"Kwa nini?" akauliza Mkolombia. "Mama ni wangu. Mdomo ninao."

Nikamweleza kwamba kwetu mwenye shida akijisemea mwenyewe anaonekana mkaidi, kama hana watu. Akikaa kimya na wenzake wakamsemea, mkubwa anaona: lo, huyu ana watu wake. "Sawa, dada," akasema. Alituamini kabisa.

Tukaenda baada ya alasiri. Teksi ikatuacha nje, tukaingia vichochoroni kwa miguu tukiwapisha wapagazi na rukwama zao, Mzee mbele amevaa koti lake la kanisani kwenye joto lile. Bosi mwenyewe aliteremka ngazi kutupokea. Akatupandisha juu kwenye chumba chenye madirisha ya mbao ya kuchongwa, akatukalisha, akaketi nasi hapo hapo chini, mtu ambaye Riyadh tulikuwa tukimwona akipita tu. Akapokea vitu vyetu kwa mikono miwili. Ile leso akaifungua, akaisifu, akamwita mtumishi aipeleke ndani kwa mkewe. Moyo wangu ukatulia. Nikajisemea, mtu huyu ni muungwana, jambo letu limekwisha.

Kahawa ikaja, ile yao nyeupe ya hiliki, na tende. Mtumishi akawa anapita na dele lake, anatumiminia. Mzee akaanza kwa Kiarabu, ambacho nami nakielewa, taratibu kama inavyopasa. Akamsalimia bosi na wazazi wake na watoto wake. Akatoa salamu za watu wa Riyadh. Akaulizia joto la Jeddah, akaeleza mvua za Kakamega. Bosi akajibu kila kitu kwa ukunjufu, akaulizia watoto wa Mzee, akaulizia mama yangu. Tukanywa, tukamiminiwa, tukanywa.

Sasa, kwetu, mkishakula na kunywa, mwenyeji ndiye anayekohoa kidogo na kusema, haya jamani, karibuni, nawasikiliza. Ndio mlango huo. Kabla hajaufungua huwezi kusema jambo lako, utakuwa umemvamia mtu nyumbani kwake. Basi tukangoja akohoe. Hakukohoa. Akatueleza habari za babu yake na ile nyumba. Tukangoja. Akaagiza sambusa. Mzee akaanza kujifuta jasho, akanitazama kwa pembe ya jicho, nami nikamtazama bosi, na nikaona kwa macho yangu kwamba mtu yule anaweza kukaa vile na sisi mpaka kesho bila kutuuliza tulichojia. Kumbe kwao ni aibu kubwa kumuuliza mgeni amefuata nini. Kila mmoja alikuwa anamwekea mwenzake heshima, na jambo limekaa katikati halina wa kuliokota.

Nikasema potelea mbali, mie nitasema. Nikajiweka sawa. Na hapo hapo bosi akaweka mkono kifuani.

"Mnajua," akasema, "watu wa kazini wakija hapa kwangu, huja na shida. Kila mmoja ana lake. Leo ni mara ya kwanza wafanyakazi wangu wamekuja kunisalimia tu, kwa ajili ya Mungu. Madam alinieleza ile kamati yake, nami sikuielewa. Leo nimeielewa. Sisi ni familia."

Ya Rabi. Nikachukua kikombe changu, nikanywa tena. Mzee aliinamisha kichwa, akasema alhamdulillahi, yeye na ukristo wake.

Na Mkolombia, ambaye Kiarabu hakujua zaidi ya yalla na halas na shukran, alikuwa ametii. Amekaa kimya muda wote, kichwa chini. Akainua macho akamwona bosi ana mkono kifuani, anatabasamu, anamtazama yeye. Akadhani limesemwa. Akadhani limekubaliwa. Akaanza kulia, akayaacha machozi yateremke, akawa anasema, "Shukran, bosi. Shukran. Shukran."

Bosi naye macho yakamlengalenga. "Tazameni," akatuambia, "mtu wa mbali namna ile." Akamwita mtumishi atupige picha sote pamoja.

Nikasema, "Bosi, kuna jambo," na kweli nilisema, sauti ikatoka. Lakini adhana ya magharibi ikapaa kutoka misikiti yote ya Balad kwa pamoja, bosi akasimama, sote tukasimama. Akatuambia anaswali kisha anakwenda moja kwa moja uwanja wa ndege, anasafiri, atarudi Ramadhani ikiisha, na tusisahau kumsalimia tena. Akatupa kila mmoja boksi la tende. Tukajikuta ngazini.

Huko chini kichochoroni Mkolombia alinishika mkono kwa nguvu. Uso umelowa na anacheka. "Siku ngapi?" akaniuliza. "Amenipa siku ngapi?"

Niliwahi kuzika, niliwahi kuachwa, lakini swali zito kama lile sikuwahi kuulizwa. Mzee alikwisha geuka akautazama ukuta. Nikamwambia, "Mafi, dada. Hakuna. Hatukusema."

"Hamkusema?"

"Hakutuuliza."

Ninyi wenyewe lisemeni hilo kwa sauti muone linavyosikika. Nilitaka anitukane. Ningepigwa kofi ningeshukuru. Akaachia mkono wangu, akajifuta uso kwa mtandio, akatembea mbele yetu akiwa amekumbatia lile boksi lake la tende, na sisi tukamfuata nyuma, watu wake wenye ulimi.

Mzee alimpigia bosi siku zilizofuata, simu ikaita tu. Tuliporudi Riyadh nikamweleza madam yote. Alinisikiliza, kisha akashika kichwa. "Na kahawa?" akauliza. "Mlikunywa?"

"Tulikunywa. Tungeachaje?"

Akaniambia kwa mababu zake mgeni mwenye haja akimiminiwa kahawa haigusi. Anaweka kikombe mbele yake, anakiacha. Mwenyeji akiona hivyo anajua, na hapo ndipo analazimika kusema: kunywa, haja yako nimeikubali. Ni desturi ya zamani ya watu wa jangwani, vijana hawaijui, lakini bosi angeielewa, kwa sababu anayapenda sana mambo ya wazee. Madam akacheka kidogo, akajiziba mdomo, akaacha. Sisi watu wa kahawa, kazi yetu kahawa, tulikunywa mpaka matone. Nikamuuliza kwa nini hakutueleza kabla. Akasema, "Nani kati yenu aliniambia mnakwenda?" Na hilo nalo lilikuwa kweli. Hatukumwambia kwa sababu tulimwona ni mtu wa kofia.

Bosi alituma ile picha yetu kutoka huko alikokuwa. Madam akaamriwa aikuze itundikwe mkahawani, pale wateja wanapolipia. Mzee na koti lake, mie nimekodoa macho kama niliyeona nyoka, na katikati Mkolombia analia kwa shukrani. Chini yake kukaandikwa kwamba sisi ni familia moja. Wateja waliipenda. Kuna mmoja alimwambia Mkolombia amefanana sana na huyo wa pichani, akajibu ndiyo, ni mimi.

Ramadhani ikaingia. Mkolombia alikaanga buni mchana kutwa kwenye ule moto, na kila alasiri alipiga simu. Mie nilikuwa na saumu yangu na nilikuwa nikiomba kila nikifuturu, maana dua ya aliyefunga hairudi, ndivyo tulivyofunzwa. Muda wa bibi kuitafuta ile sauti ukawa mrefu. Mwanamke mwangalizi akaanza kumsaidia, anamwonyesha simu kwa kidole, anamtajia jina. Madam aliandika tena. Alisimama mbele ya mameneja akasema ujumuishi gani huu, nilimsikia kwa masikio yangu kupitia ukuta. Wakamwambia bosi akirudi.

Bosi akarudi, Idi ikapita, likizo zikafunguliwa kwa kila mtu, kama ilivyokuwa imepangwa tangu mwanzo. Mkolombia alitiliwa saini yake kwa dakika moja. Mzee alimpeleka uwanja wa ndege na hakuzungumza naye njia nzima, aliniambia baadaye, kwa sababu kila neno lililomjia lilikuwa la msemaji.

Mkolombia alinipigia siku ya pili ya kufika kwao. Nilikuwa chumba cha kuonjea, peke yangu. Akanionyesha nyumba, ukuta wa kijani, ua wenye kuku. Akanionyesha mama, na bibi akanipungia mkono mie mgeni, akanitabasamia vizuri kabisa, nikafurahi nikapiga kigelegele. "Dada, umefika! Anakujua?"

Akaigeuza simu ikamwonyesha yeye. Alikuwa amevaa nguo nzuri, amejipaka rangi ya mdomo.

"Amenipokea vizuri," akasema. "Amenipa kiti chake. Ameniuliza kama nimetoka mbali, nikamwambia ndiyo, mbali sana. Akanishika mkono, akanihurumia." Akageuka kumtazama mama yake. "Halafu akaniuliza, na mama yako, mwanangu, umemwacha na nani?"

Akawa ananitazama kwenye simu, anangoja nimwambie mtu hujibu nini katika hali kama hiyo, na nyuma yake namsikia yule bibi anauliza tena.